Hazina ya Wakulima wa Chai wa Rungwe: Historia Fupi

Chai ya mkulima mdogo ilianza kushika mizizi Rungwe katika miaka ya 1960, na Mamlaka ya Chai, iliyoundwa mwaka 1968, ikawa mlezi wake. Lakini mlezi yule alipoishiwa nguvu, mkulima wa Ibighi, aliyeamka alfajiri kuchuma chini ya mvua yetu isiyojua kupumzika na kulifikisha jani bandani kupimwa, aliweza kukaa miezi asiuone ujira wake, hata wengine wakayaacha mashamba yakawa vichaka.

Katika dhiki hiyo ndipo wazee wetu walipounda chama cha wakulima wadogo wa chai wa Rungwe, wakiwa hawana rasilmali ila majani yaliyokuwa bado shambani. Tadbiri waliyoifanya ni ya kushukuriwa daima: serikali ilipoviachia viwanda vya Katumba na Mwakaleli, hawakuridhika kubaki wauza majani, na mwaka 2000 Kampuni ya Chai ya Wakulima iliposimama, robo ya hisa ikawa amana ya chama, ilhali sehemu kubwa ilishikwa na kampuni ya Tatepa. Haikuwa kazi nyepesi kumweleza mtu anayedaiwa ada ya mtoto kwamba hisa ni mali ingawa haishikiki. Wao walieleza, banda kwa banda, hata wakaeleweka.

Kisha ikaja neema ya Fairtrade, yaani nyongeza juu ya bei, ambayo haiingii mfukoni mwa mtu, bali mkutano mkuu huamua matumizi yake. Aghalabu tulijenga: madarasa, zahanati, madaraja. Mhasibu hodari angetutaka tuweke zaidi benki kwa ajili ya miaka ya kiangazi na bei mbaya, na kwa haki angekuwa na hoja, maana darasa haliuzwi chai ikianguka. Lakini mama aliyekuwa akivuka mto na mgonjwa mgongoni asingemsikiliza.

Miaka ya karibuni niitaje kwa ufupi: wanunuzi wa Uingereza, akina Cafédirect; jamaa zetu walioona vema kupeleka majani katika ushirika mwingine, jambo ambalo halina haja ya kufukuliwa hapa; parachichi kuingia mashambani; mbolea kupanda bei. Chama kiliendelea kukusanya makato yake kwa kilo ya jani bichi, kidogo kidogo, kama kilivyoanza.