Difu Isiyongoja Amri

Onésiphore Pecqueur, fundi wa Kifaransa, alipopata hataza ya difu mwaka 1828, hakuwa akiwaza tope. Kilichomsumbua ni kona. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na ekseli ikiwa chuma kimoja lazima tairi moja iburuzwe. Gia zake ziliruhusu kila upande uzunguke kwa mwendo wake. James Starley wa Coventry akatumia mbinu hiyo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu mwaka 1877, kisha magari ya petroli yakairithi.

Kasoro yake kila dereva wa lori anaijua. Difu ya kawaida huzigawia tairi mbili nguvu sawa ya kuzungusha. Moja ikikosa pa kushika, hata iliyokanyaga mwamba mkavu hupata kiasi kilekile kidogo. Ndiyo maana fowili nayo hukwama: tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zinazunguka bure, nyingine mbili zimetulia kama wageni waalikwa.

Mwaka 1935 kampuni ya ZF ilimtengenezea Ferdinand Porsche difu ya kupunguza utelezi, lakini ile ilikuwa ya magari ya mashindano. Dawa ya malori ilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa Ray Thornton. Iliitwa NoSPIN, na wenye pikapu wakaja kuijua zaidi kama Detroit Locker. Ndani yake hamna zile gia ndogo za kupokezana. Kuna meno yanayoumana uso kwa uso, yakisukumwa na springi. Barabara ikinyooka, pande zote mbili zimefungwa pamoja. Kwenye kona, gurudumu la nje likitaka kuzunguka kasi kuliko difu yenyewe, meno ya upande wake hujiachia na nguvu yote hubaki kwa la ndani. Hamna waya, pampu wala swichi. Dereva haulizwi.

Kwenye matope na mawe ni raha tupu. Kwenye lami, meno yanaporudi kuumana hutoa mlio, na pengine kishindo ambacho abiria mgeni hudhani ekseli imekatika. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona gari huyumba, hasa lenye chasisi fupi na gia za mkono. Tairi zikitofautiana upepo au ukubwa, moja hubeba kazi ya mwenzake. Penye barafu ni hatari zaidi: tairi zote mbili za nyuma huweza kuteleza kwa pamoja na mkia ukaenda pembeni. Difu ya kawaida huiacha moja bila nguvu, na hiyo ndiyo inayolishikilia gari. Ukiiweka NoSPIN kwenye ekseli ya mbele, usukani huwa mzito mara tu unapoingiza fowili.

Mwaka 1973 General Motors walianza kutumia difu ya Eaton yenye subira zaidi. Hukaa kama ya kawaida mpaka tairi moja iizidi nyingine kwa mizunguko 100 hivi kwa dakika, ndipo vyuma vidogo vya gavana vinaporuka nje na kuifunga. Gari likipita takriban kilomita 30 kwa saa, haifungi. Wakorofi waliibandika jina la Gov-Bomb, kwa sababu ya zilizopasuka chini ya tairi kubwa na miguu mizito.

Wengine waliamua kumrudishia dereva uamuzi. ARB ya Australia ilichukua mwaka 1987 haki za difu inayofungwa kwa hewa, kwa kubonyeza swichi. Madereva wa Land Cruiser kwenye mbuga za Tanzania na Kenya wana mazoea hayohayo na kitufe cha difu loki. Jeep nao wakatoa Wrangler Rubicon ya mwaka 2003 ikiwa na loki za swichi mbele na nyuma.

Detroit Locker bado inauzwa, sasa chini ya Eaton. Gari la kwenda kazini na kuchukua watoto shule ningeliwekea swichi. Lori la shambani lisiloiona lami, ningelifungia ya Thornton bila kusita.