Futi 42 za Sajinimeja Astley

Ukimwuliza mpenda farasi uwanja bora wa kupandia duniani uko wapi, atakutajia Vienna. Hakosei. Jumba la kupandia farasi la huko alilijenga Kaisari Karl wa Sita kati ya 1729 na 1735, kwa mchoro wa Joseph Emanuel Fischer von Erlach: urefu meta 55, upana 18, nguzo 46, mataa ya vioo yananing'inia darini. Lakini mimi nililea farasi wa watu Limuru, nikiwa saisi, na mtu wa kazi yangu akitazama picha za jumba hilo macho humwendea chini, penye kwato. Tena kumbukumbu za hapo Vienna zinataja kiwanja cha wazi kando ya kasri mwaka 1565, na mwaka 1572 zinataja jengo la mbao. Kwa hiyo hata makaisari walianza kwa mbao, na nguzo zikaja zaidi ya miaka 150 baadaye.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi wenye farasi wawili watatu nyumbani wanaogopa kutengeneza uwanja wao. Wameona vya matajiri, vyenye mchanga wa kuagizwa ng'ambo uliochanganywa na nyuzi, na ua uliopakwa rangi nyeupe. Historia yenyewe ni ya watu waliotumia walichokuwa nacho.

Mgiriki Xenophon, askari aliyeandika juu ya farasi karne ya 4 kabla ya Kristo, hakutaka jumba lolote. Alishauri mwenye farasi amwage nje ya zizi mikokoteni minne au mitano ya mawe ya mviringo, ya kujaa kiganja, ayazungushie ukingo yasitawanyike, kisha farasi asimamishwe juu yake anaposuguliwa. Zama zile farasi hawakupigwa viatu vya chuma, na mawe yaliimarisha kwato. Nafurahia hesabu yake ya mikokoteni. Huyo ni mtu aliyewahi kulipia mawe kwa fedha yake.

Wafaransa wa karne ya 17 nawapita haraka. Antoine de Pluvinel, mwalimu wa mfalme Louis wa 13, alimzungusha farasi kwenye nguzo moja iliyosimikwa katikati ya uwanja. Nguzo moja na kamba. Mfalme alijifunza hivyo.

Mtu wangu hasa ni Philip Astley. Alizaliwa 1742 huko Newcastle-under-Lyme, Uingereza, mwana wa seremala wa samani, na alikusudiwa kurithi randa ya baba yake. Badala yake alijiunga na jeshi la wapanda farasi wepesi, kikosi cha 15, akapigana Ulaya katika Vita vya Miaka Saba, akarudi na cheo cha sajinimeja, na fedha kidogo. Mwaka 1768 alifungua shule ya kupanda farasi Lambeth, ng'ambo ya mto Thames, kwenye uwanja wa nyasi usio na paa. Alipachagua kwa akili. Palikuwa na njia ya mkato inayoitwa Halfpenny Hatch, ambapo mpita njia alilipa nusu peni avuke shamba la mtu. Wateja walikuwa wanapita hapo hapo kwa miguu yao.

Asubuhi alifundisha wanafunzi. Alasiri yeye na mkewe Patty walisimama wima juu ya migongo ya farasi wanaokwenda shoti, na watu wakalipa kutazama. Hakuwa wa kwanza kwa michezo hiyo; huko Islington walikuwapo wapandaji waliomtangulia. Kilichombakiza kwenye historia ni kipimo cha duara lake. Alijaribu kubwa, akapunguza, mpaka akatulia kwenye kipenyo cha futi 42, karibu meta 13. Farasi akizunguka duara la namna hiyo kwa mwendo usiobadilika, huinamia ndani kidogo, na ile nguvu inayomsukuma mtu nje humsaidia aliyesimama mgongoni kujiegemeza asidondoke. Mwalimu naye akisimama katikati, mjeledi wake mrefu unafika ukingoni bila yeye kukimbia. Na mtazamaji hapotezi kitu, maana farasi hatokomei mbali kama kwenye njia iliyonyooka.

Baadaye alihamia karibu na daraja la Westminster na kuanza kuezeka, na hapo ndipo useremala wa nyumbani kwao ulipomfaa. Waandishi wa zamani wa London wanasimulia kwamba alinunua kwa bei ya kutupa mbao za majukwaa ya uchaguzi, zile ambazo umati ulizoea kuzivunja kura zikishahesabiwa. Wanasimulia pia kwamba alipojenga ukumbi mwingine mwaka 1806 alitumia mbao za manowari kuukuu ya Kifaransa iliyotekwa vitani. Moto ulimteketezea jengo la Westminster mara mbili, 1794 na 1803, na mara zote mbili alijenga upya. Alifia Paris mwaka 1814.

Duara lake halikufa naye. Mshindani wake Charles Hughes alifungua ukumbi wa namna hiyo London mwaka 1782. Mwanafunzi wa Hughes, John Bill Ricketts, alivuka bahari akafungua wake Philadelphia Aprili 1793, na rais George Washington alikwenda kutazama. Hadi leo sarakasi nyingi duniani huchezewa ndani ya meta zile zile 13.

Sasa turudi Limuru tupige hesabu. Uwanja wa kawaida wa mafunzo ni meta 20 kwa 40, yaani meta za mraba 800. Ukiweka mchanga wa sentimeta 8 unahitaji meta za ujazo 64, malori kwa malori. Duara la Astley lina meta za mraba 129 hivi, na mchanga wake ni meta za ujazo 10 na kidogo. Sharti niseme ukweli: futi 42 zilimfaa farasi mzima aliyezoea kazi. Kinda ukimzungusha humo kutwa unamharibu magoti. Kwake chukua kipenyo cha meta 18. Mchanga utakuwa meta za ujazo 20, bado chini ya theluthi moja ya ule uwanja mkubwa.

Kuupima hakuhitaji fundi. Piga kigingi katikati, funga kamba ya meta 9, zunguka nayo ukimwaga chokaa. Toa udongo wa juu wenye mizizi. Ukiwa Nairobi penye ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha, chimba zaidi, ujaze kokoto. Juu yake shindilia moramu, uipe mteremko mdogo, na uchimbe mfereji upande wa chini. Mchanga huja mwisho kabisa, nao uwe wenye chembe za kukwaruza. Ule laini wa mviringo huteleza chini ya kwato. Ukizidisha kina, mishipa ya miguu itavutika, na hapo utamlipa daktari wa mifugo kile ulichookoa.

Ua usikuchanganye. Astley alianza bila paa, na wanafunzi walikuja. Kwa hiyo wewe uliye na kipande nyuma ya nyumba na akiba ya lori mbili tatu, tafadhali iishie kwenye moramu na mfereji kabla ya masika. Nguzo za mikaratusi utasimika msimu ujao.