Supu Yenye Dawa, Kutoka China Hadi Malagarasi

Supu yenye dawa ni mchuzi wa nyama, mifupa au samaki uliochemshwa pamoja na mizizi, magome au matunda yanayoaminika kuujenga mwili. Wachina wameiandikia vitabu kwa karne nyingi. Ilagala, karibu na Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, elimu ya namna hiyo hukaa kwa mabibi.

Viungo vya Kichina vya kawaida ni huangqi, mzizi unaoaminika kuongeza nguvu. Danggui, mzizi wenye harufu kali wanaopikiwa waliojifungua. Gouqi, tunda dogo jekundu. Na hongzao, ndugu wa kunazi zetu. Kuku huchemshwa kidogo, maji ya kwanza yakamwagwa na povu lake. Kisha hutiwa maji mapya, tangawizi na mizizi, akaachwa kwenye moto mdogo saa 2 au zaidi. Gouqi huingia mwishoni, na chumvi pia. Mizizi haitafunwi, hutolewa.

Guangdong, kusini mwa China, mzazi hupikiwa miguu ya nguruwe kwa tangawizi na siki nyeusi. Kwetu, mama aliye kwenye arobaini hupewa supu ya kongoro au ya kuku wa kienyeji, yenye tangawizi na pilipili manga. Kwa maoni yangu, kazi kubwa katika vyungu vyote viwili hufanywa na nyama, mifupa na moto wa muda mrefu. Mzizi ni msaidizi anayepewa sifa za bosi. Mpishi wa Ilagala ana la ziada: mawese, ambayo wekundu wake ni karotini, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Chumvi nayo iko jirani, Uvinza, inakotengenezwa kwa maji ya chemchemi za chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Dawa chungu zina kanuni nyingine. Watongwe wa milima ya Mahale, kando ya ziwa hilohilo, hutumia mti mchungu uitwao mjonso kwa maumivu ya tumbo na minyoo. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na mzee wa Kitongwe Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa, Chausiku, akimenya shina la mti huohuo na kufyonza maji ya kiini chake. Majani, yenye kemikali kali zaidi, aliyaacha. Afrika Magharibi majani hayo ni mboga ya supu, lakini kwanza hufikichwa na kuoshwa kwa maji kadhaa hadi uchungu upungue. Anayeyatumbukiza mabichi kwenye sufuria hapiki chakula.

Moto nao huweza kuharibu. Mtafiti Mchina Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, alitafuta dawa ya malaria katika mmea wa jamii ya pakanga. Kuchemsha kulimwangusha, mpaka aliposoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, yanayoagiza mmea ulowekwe na kukamuliwa, akaanza kutumia joto la chini.

Jina la mmea lihakikishwe pia. Ubelgiji, miaka ya 1990, watu wapatao 100 waliharibika figo baada ya mzizi mmoja wa Kichina kubadilishwa na mwingine wenye sumu katika vidonge vya kupunguza unene. Danggui haifai kwa mjamzito wala kwa anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa wa homa apimwe malaria kituo cha afya kwanza, atumie dawa aliyoandikiwa, ndipo apikiwe supu.