Pumzi kukatika usingizini: kwa wanaofanya kazi usiku
Mlinzi au muuguzi akitoka zamu ya usiku, akalala mchana kutwa na bado akaamka amechoka, watu husema ni kazi tu. Si mara zote. Huenda pumzi yake hukatika usingizini: misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo humgutusha apumue, kisha hali hujirudia. Mwenyewe hakumbuki. Anayejua ni wa nyumbani, anayesikia mkoromo mkubwa, kimya, halafu mtu akitweta kama aliyekabwa. Tatizo ni kwamba mchana shahidi huyo yuko shambani au sokoni. Mwombe mtu abaki siku moja akusikilize.

Dalili nyingine ni kichwa kuuma ukiamka, mdomo mkavu, na kusinzia kazini au, hatari zaidi, ukiendesha pikipiki. Unene huchangia, ingawa hata wembamba hupata. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo zaidi. Usizitumie kutafuta usingizi wa mchana. Kulala ubavu husaidia baadhi ya watu. Kwenye kituo cha afya, eleza ulivyosikika ukilala, na uombe kupimwa shinikizo la damu, kwani ugonjwa huu hulipandisha.