Uchawi Ulipowarudia Hata Watesi

Mwaka 1938, mwalimu mmoja wa Nigeria, D. O. Fagunwa, alichapisha kwa Kiyoruba riwaya ya mwindaji aliyeingia msitu wa mizimu. Miaka 80 baadaye, Machi 2018, miungu ya Wayoruba ikaibukia mahali ambapo mwalimu yule asingepadhania: kileleni mwa orodha ya vitabu vya vijana ya gazeti la New York Times. Kitabu ni Children of Blood and Bone. Mwandishi ni Tomi Adeyemi, mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi wa Kinigeria, wakati huo akiwa na umri wa miaka 24 tu.

Miungu hiyo hakuikuta Lagos. Aliikuta Salvador, katika jimbo la Bahia nchini Brazil, alikokwenda kusoma baada ya kumaliza Harvard. Wayoruba waliouzwa utumwani waliivusha bahari, na vizazi vyao vikaitunza katika dini ya Candomblé. Huko Marekani, habari za siku zile zilikuwa za watu weusi wasio na silaha kupigwa risasi na polisi. Hasira ya habari hizo na picha za Bahia ndizo zilizozaa ufalme wa Orïsha, ambako Mfalme Saran amewaangamiza wenye uchawi na kuwaacha watoto wao, wakiwemo Zélie na wenzake wenye nywele nyeupe, wakibeba kodi na matusi.

Kitabu cha kwanza kinaishia kwenye ushindi: uchawi umerudi. Cha pili, Children of Virtue and Vengeance, kilichocheleweshwa hadi Desemba 2019, kinauliza umerudi kwa nani. Ile ibada ya Zélie iliyourudisha uchawi imewaamsha pia mabwana wenye damu ya uchawi waliyoificha kwa vizazi, na sasa jeshi la mfalme linapigana kwa silaha ileile iliyopaswa kuwakomboa wanyonge. Malkia Nehanda, mjane wa Saran, anageuka hatari kuliko mumewe. Amari, binti yao aliyemuua baba yake kwa mkono wake, anakitaka kiti cha enzi, na kila akikikaribia anazidi kufanana na marehemu.

Mapenzi ndiyo yaliyopwaya. Zélie na mwana wa mfalme, Inan, walipendana katika ndoto kabla ya kusalitiana. Humu Inan ana taji, naye Zélie anavutwa na Roën, askari wa kukodiwa. Wengi walimshangilia Roën. Mimi nilikuwa nikifunua kurasa haraka nirudi kwenye ugomvi wa Amari na Zélie, marafiki wawili wasioaminiana tena, maana ndio wenye uchungu wa kweli.

Riwaya inafungwa kwa Zélie kuzinduka melini akiwa kwenye minyororo, jambo lisilohitaji kufafanuliwa kwa msomaji anayeijua historia ya Bahia. Kitabu cha tatu, Children of Anguish and Anarchy, kilitoka Juni 2024 na kuleta wavamizi kutoka ng'ambo. Mbele yao ndugu waliokuwa wakichinjana wanalazimika kushikamana, na swali gumu la nani atawale linawekwa kando mapema mno. Filamu ya hadithi hii, iliyo mikononi mwa Gina Prince-Bythewood, mwongozaji wa The Woman King, inaanzia kitabu cha kwanza, kwa hiyo vita vya Amari na mama yake vitangoja zamu.