Masisi na Walikale katika Magari ya Ujerumani

Madini ya Kivu, mashariki mwa Kongo, huandikwa kama habari ya vita. Si uongo, lakini haitoshi. Wilaya zake za Masisi na Walikale ni wauzaji wa siku nyingi wa viwanda vya Ulaya, na kila mara viwanda hivyo vilipobadilika, vilima vya Rubaya huko Masisi na msitu wa Bisie huko Walikale vilipata habari kupitia bei au katazo.

Wakati wa Wabelgiji makampuni yalichimba kasiterite, mawe yanayotoa bati. Mwaka 1976 yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati ikaanguka duniani mwaka 1985, na SOMINKI haikuinuka tena hadi ikavunjwa mwaka 1997. Vijana walibaki na nyundo na beleshi.

Huko Ujerumani gari lenyewe lilikuwa likigeuka. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walileta breki za ABS zinazoongozwa na elektroniki. Baadaye ikaja mifuko ya hewa na kompyuta za injini. Vifaa hivyo huunganishwa kwa lehemu ya bati, na vingi hutumia kapasita ndogo za tantali, ambayo hutoka katika koltani. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipaa, zaidi kwa sababu ya simu na kompyuta, na watu wa Masisi wakaacha mashamba wakaenda mashimoni. Mwezi Novemba waasi wa RCD wa Goma waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya kuuza koltani yote nje. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaja H.C. Starck ya Goslar, wakati huo mali ya Bayer, miongoni mwa wanunuzi. Kampuni ilijibu kwamba ilikwisha kuacha kununua Afrika ya Kati.

Bisie ilianza kuchimbwa mwaka 2002, ndani kabisa ya msitu wa Walikale. Hakukuwa na barabara. Mbebaji alijitwika gunia la kilo 50 na kushika njia ya matope hadi Njingala, safari ya siku mbili, huku akilipa askari kizuizi baada ya kizuizi. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya lami ya barabara kuu, zikapakia na kuruka kwenda Goma. Jiwe likishayeyushwa ng'ambo, hakuna awezaye kusema limeishia katika gari gani.

Kisha zikaja sheria dhidi ya madini yanayogharimia vita. Marekani ilipitisha yake Julai 2010. Septemba Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR ya Hannover, ilibuni njia ya kutambua koltani ilikochimbwa kwa chembe zake, kama polisi anavyotambua alama za vidole. Magunia ya Rubaya yakaanza kufungwa etiketi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Januari 2021, na sheria ya Ujerumani, inayoyataka makampuni makubwa yachunguze wauzaji wao, Januari 2023.

Nia ya sheria hizi ni njema, nami naziunga mkono. Lakini gharama ya etiketi ilikatwa kwenye bei ya mchimbaji, na wanunuzi wengi waliona ni rahisi kuondoka kuliko kuchunguza. Bisie leo ni ya kampuni ya Alphamin, iliyoanza kuzalisha mwaka 2019 kwa mitambo yake. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi hao walitoza dola 7 kwa kila kilo ya koltani, na mzigo ulivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na wa huko. Mnunuzi mwaminifu aliyeondoka hakuizuia biashara; alimwachia nafasi asiyeuliza swali.

Viwanda vya magari vya Ujerumani vinajua kumkagua mtengenezaji wa skrubu. Vimkague na kumlipa vivyo hivyo mchimbaji wa Masisi, na gharama ya ukaguzi ilipwe na anayeutaka.