Wayo Bapa na Kisu cha Mganga

Mvua ikiisha kunyesha Nyamarambe, njia zote zishukazo vilimani hujaa alama za nyayo. Ukizitazama vema, msomaji, utaona kwamba hazifanani. Nyingi zina pengo upande wa ndani, kati ya kisigino na chano cha vidole, mahali ambapo udongo haukuguswa. Chache zimeugusa udongo wote, kama chapa ya pasi. Hizo ndizo alama za wayo bapa, yaani wayo usio na tao. Je, mwenye wayo huo ni mgonjwa? Swali laonekana dogo, walakini limewasumbua waganga wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, nalo lingali zito hapa kwetu. Kwa maana kijana aendaye kujiandikisha jeshini huamriwa avue viatu, na wayo wake bapa waweza kumrudisha nyumbani, ijapokuwa hajapata kuumwa na mguu hata siku moja.

Katika mguu mmoja, tangu kifundo hadi ncha za vidole, mna mifupa 26. Mifupa hiyo imefungwa kwa kano kama mzigo wa kuni ufungwavyo kwa kamba, nayo imeinuka katikati ikafanya tao. Mtoto mchanga haonyeshi tao. Mafuta yamelijaza, na kano zake ni laini bado. Hujitokeza polepole kadiri anavyokua, pengine mpaka afike miaka kumi. Wako ambao tao lao halijitokezi kamwe, nao huishi, hulima, hucheza mpira na kuzeeka bila kulikumbuka.

Jambo hili lingeweza kujulikana mapema kama wenye mamlaka wangalitazama kazi ya miguu badala ya umbo lake. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliuingia mji wa Kisii, wakapigana na majeshi ya Waingereza, wakarudi nyuma. Katika miaka iliyofuata maelfu ya wanaume wa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi, wakavuka Tanganyika na kuingia Msumbiji, mizigo vichwani, wengi wao miguu mitupu. Wakati huohuo huko Ulaya, madaktari wa jeshi walikuwa wakiwakataa watu wenye nyayo bapa, wakidhani kwamba hawataweza mwendo mrefu. Wapagazi wetu walikufa kwa makumi ya maelfu. Bali waliuawa na njaa, homa na tumbo la kuhara, wala sijasoma popote kwamba waliuawa na umbo la nyayo zao.

Hata wataalamu walikuwa wamekwisha kuonywa. Mwaka 1905 daktari mmoja Mmarekani, Phil Hoffmann, alitangaza habari za uchunguzi wake wa jozi 186 za miguu ya watu wasiovaa viatu. Watu hao, wa Ufilipino na wa Afrika ya Kati, walikuwa wameletwa katika maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis mwaka 1904, wakatazamwa kama vitu vya kuonyeshwa, jambo ambalo leo twaliona kuwa aibu. Hata hivyo Hoffmann aliandika kweli: kimo cha tao hakionyeshi nguvu ya mguu. Wachache walimsikiliza.

Vita vya pili vilipokwisha, Wakanada wawili, Harris na Beath, walitoa taarifa ya uchunguzi wao wa miguu ya askari zaidi ya 3,600. Taarifa hiyo ya mwaka 1947 ndiyo, kwa maoni yangu, iliyo bora kuliko zote. Walipambanua nyayo bapa za namna mbalimbali. Iko ile inayokunjika, ambayo mwenyewe akisimama kwa ncha za vidole, tao huonekana. Hiyo kwa kawaida haina madhara. Iko inayokunjika pia, lakini kano kuu ya kisigino ni fupi, ikavuta na kuumiza. Na iko ngumu, ambayo haionyeshi tao kwa vyovyote. Waligundua kwamba mara nyingi wayo mgumu hutokana na mifupa miwili iliyoungana, ambayo ingepasa kutengana tangu mtu kuzaliwa. Maungano hayo huwa laini utotoni, kisha hukomaa na kuwa mfupa mtoto akaribiapo ujana; ndipo maumivu huanza. Jaribio la vidole unaweza kulifanya wewe mwenyewe usomapo maneno haya.

Biashara ya viatu vya kunyosha miguu ya watoto iliendelea kustawi hata baada ya hayo. Mwaka 1989 Wenger na wenzake huko Marekani walitangaza matokeo ya kuwavisha watoto viatu hivyo kwa miaka mitatu: miguu yao haikuwa tofauti na ya watoto walioachwa vivi hivi. Mwaka 1992 Rao na Joseph walieleza habari za watoto 2,300 wa Bara Hindi. Miongoni mwa waliovaa viatu, nyayo bapa zilikuwa asilimia 8.6, miongoni mwa waliokwenda miguu mitupu, asilimia 2.8 tu. Nisieleweke kwamba nawashauri mvue viatu, maana miiba, misumari na funza wangalipo.

Basi kisu ni cha nani? Ni cha wachache: wale wenye maumivu yasiyotulizwa na mapumziko, mazoezi ya kunyosha kano, wala kipande cha kuutegemeza wayo ndani ya kiatu. Wewe uliyezaliwa Gusii hushangazwi na habari za kisu kugusa mfupa, kwa kuwa wapasuaji wa jadi, ababari, walijulikana hata ng'ambo kwa ustadi wa kufungua fuvu la mtu aliyeumizwa kichwa. Upasuaji wa wayo nao una historia yake. Gleich, mwaka 1893, alikata mfupa wa kisigino na kuusogeza. Ryerson, mwaka 1923, alieleza namna ya kuunganisha viungo vitatu vya nyuma ya wayo, ili mguu utulie; lakini mguu uliounganishwa hivyo hauwezi tena kujipinda vizuri juu ya mawe na miteremko, nayo hasara hiyo si ndogo kwa mkulima wa milimani. Mwaka 1952 Grice alitoa njia yake kwa ajili ya watoto ambao polio ilikuwa imewapooza misuli, nyayo zikalala. Kisha Evans wa Wales, mwaka 1975, alieleza jinsi ya kuukata mfupa wa kisigino na kupachika kipande cha mfupa ili kuurefusha, viungo vikiachwa huru. Mosca wa Marekani aliistawisha njia hiyo katika miaka ya 1990, nayo hutumika hata leo. Ikiwa shida ni mifupa iliyoungana, daktari huweza kukata daraja lile na kuziba nafasi kwa mafuta au msuli, lisirudi.

Kisu humaliza kazi yake kwa muda wa saa moja au mbili, mfupa hauharakishwi. Aliyerefushwa kisigino hufungwa plasta kwa muda wa majuma sita hadi manane, naye haruhusiwi kuukanyagia mguu huo. Siku za kwanza huuinua juu ya mto, uvimbe upungue. Kidonda chaweza kuoza, mfupa waweza kukataa kuungana, na mshipa wa fahamu waweza kuguswa, ganzi ikabaki pembeni mwa mguu. Plasta ikiondolewa, paja na muundi huwa vimekonda, na mgonjwa hujifunza kutembea upya, kwanza kwa magongo, kisha kwa kiatu kigumu. Uvimbe wa jioni hudumu kwa miezi, na kurudi uwanjani huweza kuchukua nusu mwaka au zaidi. Ikiwa nyayo zote mbili zauma, mara nyingi hupasuliwa mmoja kwanza, ili mwingine umchukue mwenyewe. Fikiri basi mwanafunzi mwenye magongo katika mteremko wa utelezi wa mwezi wa Aprili, choo kikiwa ng'ambo ya ua, na maji yakiteremkiwa bondeni. Mtu wa kumchotea maji hayo yafaa apatikane kabla ya siku ya kwenda hospitali.